Mkojo Peke Yake Hausemi Yote

Akina mama mliokaa mbele ya makarai ya mafuta pale soko la samaki Kunduchi Pwani, akina dada mnaogonga kokoto Mtongani jua likiwa utosini, na wewe binti uliyesimama ndani ya daladala la Tegeta na foleni ya Barabara ya Bagamoyo haisogei, sikilizeni. Mazungumzo ya leo ni yenu. Akina baba nanyi kaeni. Gharama za dawa mnazilipa pamoja, na baadhi ya maradhi nitakayoyataja hayaponi kwa mke mpaka na mume atibiwe.

Tunazungumza juu ya maradhi ya kibofu cha mkojo na maradhi ya kizazi. Ndani ya nyonga ya mwanamke viungo hivi vimebanana. Kibofu kiko mbele, mfuko wa uzazi uko nyuma yake, na nyuma zaidi iko njia ya haja kubwa. Kikiumwa kimoja, maumivu husikika pale pale, chini ya kitovu. Mwanamke anaweza kwenda haja ndogo kila baada ya nusu saa kwa sababu ya uvimbe ulioota kwenye kizazi, na mkojo wenyewe ukawa hauna ugonjwa wowote. Hapo ndipo wengi wanapopotea njia.

Mnaijua safari yenyewe. Mama anahisi mkojo unachoma. Anavumilia siku mbili tatu. Anapita duka la dawa, anasema, "Nina UTI," anapewa vidonge vya siku tano. Anapata nafuu, au hapati. Mwezi unaofuata yanarudi yale yale. Safari hii anaingia kwenye zahanati, anakojoa kwenye kikopo, na baada ya muda mfupi jibu linatoka: UTI. Anachomwa sindano asubuhi na jioni. Mwezi wa tatu anaambiwa sasa ni UTI sugu. Anaanza kusoma matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme, yenye namba ya simu ya mtu anayedai kutibu UTI sugu, PID, uvimbe na ugumba kwa chupa moja ya dawa. Mtaji wa samaki umekwisha. Na katika kuhangaika kote huko, hakuna hata mmoja aliyempandisha kitandani, akamgusa tumbo, akamwangalia mlango wa kizazi.

Hoja yangu leo ni hii moja: mkojo peke yake hausemi yote. Mwanamke anayelalamika maumivu ya chini ana haki ya kuulizwa vizuri, kuguswa, kuangaliwa na kupimwa, kabla ugonjwa wake haujapewa jina na kabla hajameza dawa.

Tuanze na UTI yenyewe, maana ipo na inatesa kweli. Ni maambukizi ya bakteria katika njia ya mkojo. Mara nyingi bakteria huyo ni E. koli, ambaye makazi yake ya kawaida ni utumbo mpana wa mtu mwenyewe. Mrija wa kutolea mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, ilhali wa mwanamume hufika kama sentimita 20. Tena tundu lake liko jirani na uke na njia ya haja kubwa. Bakteria hana safari ndefu. Ndiyo maana karibu nusu ya wanawake wote hupata maambukizi haya angalau mara moja maishani mwao. Wengine huanza kuumwa siku moja au mbili baada ya tendo la ndoa, kwa kuwa tendo lenyewe husukuma bakteria kuelekea kwenye mrija. Hiyo si dalili kwamba mume ametembea nje. Nalisema wazi kwa sababu watu wamegombana bure kwa jambo hili.

Mtaani kwetu husemwa kwamba UTI huletwa na choo kichafu. Mvuke wa choo haukuambukizi. Lakini choo kichafu, au choo kisichokuwepo, kina madhara mengine yaliyo ya kweli. Mama muuza samaki anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi magharibi, na hapo alipo hakuna choo anachokiamini, hufanya mambo mawili: hanywi maji, na anabana mkojo. Maji yakipungua mwilini, mkojo huwa kidogo na hauoshi njia. Mkojo ukikaa kibofuni kwa saa nyingi, bakteria waliokwisha kuingia hupata nafasi ya kuzaliana. Kwa hiyo choo safi sokoni, kwenye machimbo ya kokoto na kwenye vituo vya daladala ni sehemu ya matibabu ya wanawake. Viongozi wa kata na wa manispaa ya Kinondoni mnaonisikiliza, mliandike hilo kwenye bajeti.

Dalili za UTI ni mkojo kuchoma, kwenda haja kila mara na kutoa matone, na maumivu juu ya kinena. Ikipanda mpaka kwenye figo, hali hubadilika: homa kali, kutetemeka, kutapika, na maumivu ya mgongo upande mmoja chini ya mbavu. Mwenye dalili hizo aende hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri kesho. Na mjamzito ana hatari ya peke yake. Anaweza kuwa na bakteria kwenye mkojo bila kuhisi chochote, kisha wakapanda kwenye figo na kuleta uchungu kabla ya wakati. Kwa hiyo anayekwenda kliniki akitakiwa mkojo autoe, hata kama hajihisi mgonjwa.

Sasa tufike kwenye kikopo. Majibu mengi yanaharibikia hapa. Kabla ya kukojoa, mwanamke anapaswa kujisafisha kwa maji, kuiachia sehemu ya kwanza ya mkojo iende chooni, kisha kukinga ule wa katikati. Asipoelekezwa hivyo, kikopo hupokea na majimaji ya ukeni. Kule maabara wataona chembe nyeupe za damu ambazo huenda zimetoka ukeni, wataona chembe za ngozi kwa wingi, na mama ataandikiwa UTI asiyokuwa nayo. Kile kijiti chenye rangi kinachochovywa kwenye mkojo hutazama zaidi vitu viwili: chembe nyeupe, zinazoonyesha kwamba kuna mapambano mahali fulani, na naitraiti, ambazo hutengenezwa na baadhi ya bakteria. Chembe nyeupe peke yake hazithibitishi UTI. Kipimo kinachothibitisha ni kuotesha mkojo. Sampuli huwekwa maabara siku mbili au tatu, bakteria akiota anajulikana ni nani, kisha hujaribiwa dawa mbalimbali kuona ipi inamuua.

Ukubwa wa tatizo hili umepimwa hapa hapa Afrika Mashariki. Watafiti wa mradi uitwao HATUA, waliofanya kazi Kenya, Uganda na Tanzania, ambako kwetu walikuwa Mwanza, Kilimanjaro na Mbeya, waliotesha mikojo ya wagonjwa zaidi ya 7,500 wenye dalili za UTI. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba kiasi cha theluthi moja tu ndio waliokutwa na maambukizi yenyewe. Na kati ya bakteria waliopatikana, wengi walikuwa sugu kwa aina kadhaa za antibayotiki. Zingatieni hayo mawili kwa pamoja. Wagonjwa wawili kati ya watatu, kipimo hakikuonyesha bakteria waliyedhaniwa. Na yule wa tatu aliyekuwa naye, dawa ya kubahatisha huenda isimfae. Kila dozi inayomezwa bila sababu, na kila dozi inayokatishwa siku ya pili kwa kuwa maumivu yametulia, inawafundisha bakteria kuishi na dawa zetu.

Basi yule ambaye mkojo wake umeoteshwa na haukuota kitu, ana nini?

Huenda ana kichocho. Kichocho cha mkojo kipo katika ukanda wetu wa pwani, Tanga, Unguja na Pemba, na kipo mikoa ya Kanda ya Ziwa. Kunduchi ya leo ni ya watu kutoka kila upande: aliyekulia kijiji chenye madimbwi na mabwawa amehamia Mtongani, na vijidudu anaweza kuwa amekuja navyo. Konokono wa maji baridi ndiye anayevitoa, navyo hupenya kwenye ngozi ya anayefua, kuoga au kuvuka maji. Vikikomaa huwa minyoo, nayo huishi katika mishipa ya damu kuzunguka kibofu, kwa miaka mingi, ikitaga mayai. Wengi tunajua dalili moja tu, mkojo wa damu, tena tunadhani ni ugonjwa wa watoto wa kiume wanaoogelea. Kwa mwanamke mayai hayo hukwama pia kwenye uke, kwenye mlango wa kizazi na kwenye mirija ya uzazi. Huleta vidonda, uchafu, maumivu wakati wa tendo la ndoa, damu isiyo ya hedhi, na hata kukosa mtoto. Vidonda hivyo huirahisishia VVU njia ya kuingia. Shirika la Afya Duniani limekuwa likikadiria kwamba wanawake na wasichana milioni 56 barani Afrika wana kichocho cha sehemu za uzazi.

Na kuna jambo ambalo ningependa kila tabibu alijue. Utafiti uliofanywa kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2000 uliwakuta wanawake wenye mayai ya kichocho kwenye mlango wa kizazi, ilhali mkojo wao haukuonyesha yai hata moja. Wanawake hao wangepimwa mkojo tu, wangerudishwa nyumbani na kuambiwa ni wazima. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, dawa ya vidonge ambayo watoto wetu hupewa shuleni. Mama akiulizwa, "Ulikulia wapi? Mlikuwa mnachota maji wapi?" maswali hayo mawili yanaweza kumwokoa na mwaka mzima wa sindano zisizomhusu.

Au huenda ana maambukizi ya kizazi, yale mnayoyaita PID. Vijidudu vya kisonono au klamidia hupanda kutoka mlango wa kizazi mpaka kwenye mfuko na mirija. Maumivu huwa chini ya tumbo, pande zote mbili, pengine na homa, na uchafu usio wa kawaida. Klamidia ina ujanja wa kukaa kimya. Mwanamke hajui mpaka siku anapotafuta mtoto na kuambiwa mirija imeziba, au mimba inapotunga nje ya kizazi na kuhatarisha maisha yake. PID hutambuliwa kwa mikono ya mtaalamu: anamgusa mgonjwa tumbo, kisha anampima ndani na kuona kama mlango wa kizazi una maumivu ukisogezwa. Kikopo cha mkojo hakiwezi kufanya kazi hiyo. Na akina baba, niliwaambia mkae. Mke akitibiwa kisonono au klamidia na mume asitibiwe, wiki hiyo hiyo ugonjwa unaweza kurudi. Nendeni wote wawili, mmeze dozi wote wawili, msikutane mpaka dozi iishe. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hapa maneno hayo yanawahusu wanaume na wanawake sawasawa.

Bibi zetu wa pwani maumivu haya waliyaita chango, wakayatibu kwa mizizi na kwa kukandwa. Siwavunjii heshima. Walitambua kwamba tumbo la mwanamke linaweza kuuma miaka na kumzuia kupata mtoto, na hawakumwambia kwamba anadeka. Walichokosa ni darubini na altrasaundi. Leo vipo katika hospitali za Mwananyamala, Temeke na Amana. Aliyekandwa tumbo na bibi hana sababu ya kuona haya kwenda kupigwa picha ya tumbo hospitali.

Yapo na mambo ya ukeni. Fangasi huleta muwasho na uchafu mzito kama maziwa yaliyoganda. Mara nyingi huja baada ya antibayotiki, kwa sababu dawa zile huua na bakteria wema wanaolinda uke. Hivyo mama anayetibiwa UTI asiyokuwa nayo anaweza kupata fangasi za kweli, mkojo ukipita kwenye ngozi iliyochubuka ukamchoma, naye akaamini UTI imerudi. Na anayepata fangasi au UTI kila mara, akiwa na kiu isiyoisha na kukojoa usiku kucha, apimwe sukari. Nawaomba pia dada zangu: acheni kuingiza sabuni, ndimu au shabu ukeni. Uke hujisafisha wenyewe. Vitu hivyo huchubua, na mchubuko ni mlango wa maradhi.

Uvimbe wa kizazi, nao ni wa kawaida sana kwa wanawake wetu. Si saratani. Lakini ukikua kuelekea mbele hukandamiza kibofu, na mwenye nao haishi kwenda chooni. Hedhi humtoka kwa mabonge na siku nyingi, damu inapungua mwilini, anachoka, anasikia kizunguzungu akipanda ngazi za daladala. Altrasaundi ndiyo huuonyesha. Si kila uvimbe unahitaji kisu. Mdogo usiosumbua huangaliwa tu. Ila unaomwaga damu una tiba, za dawa na za upasuaji, na daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake ndiye wa kuamua pamoja nawe.

Naomba hapa mpunguze kelele kidogo, maana nafika kwenye saratani ya mlango wa kizazi. Ndiyo saratani inayoua wanawake wengi kuliko zote nchini Tanzania. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka hapa nchini, na vifo zaidi ya 6,000. Ukipita barabara ya baharini pale Ocean Road utaona jengo la Wajerumani, lililojengwa miaka ya 1890 likiwa hospitali, na ambalo tangu mwaka 1996 ni makao ya Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Wanawake wenye saratani hii ndio kundi kubwa kuliko yote la wagonjwa wa pale, na wengi hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Ukienea, hushika kibofu na mirija ya figo. Mama huanza kukojoa kwa maumivu, mkojo huwa na damu, pengine huvuja. Hebu fikirieni mwanamke huyo akiwa amezungushwa mwaka mzima kwa jina la UTI.

Inauma zaidi kwa sababu ugonjwa huu unatangulia kutoa taarifa. Chanzo chake ni virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha kiasi cha asilimia 70 ya saratani hizi. Kuanzia virusi kuingia mpaka saratani kutokea hupita miaka 10, 15, hata zaidi. Katika miaka hiyo yote, kipimo rahisi kinaweza kuona mabadiliko. Muuguzi hutumia kifaa cha kufungulia uke, hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, kisha anatazama. Pakigeuka kuwa peupe, pana mabadiliko, na mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa au kwa joto, bila kulazwa. Katika vituo vya serikali kipimo hiki hutolewa bure. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke aanze kuchunguzwa akifika miaka 30, na anayeishi na VVU aanze miaka 25, kwa kuwa hatari yake ni kama mara sita. Usingoje kuumwa. Lakini ukitokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au kati ya hedhi na hedhi, au baada ya hedhi kukoma, hata tone moja, usipite duka la dawa. Nenda ukaangaliwe.

Na binti zetu wana kinga ambayo sisi hatukuipata. Aprili 2018, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 14 hapa Dar es Salaam. Tangu mwaka 2024 hutolewa dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uvumi kwamba chanjo hii inafunga kizazi hauna ukweli. Inalinda kizazi hicho hicho ambacho mzazi anakiogopea.

Limebaki jambo ambalo wanawake hulificha kuliko yote: mkojo kujitokea wenyewe. Hapa napo inabidi kutofautisha. Yupo ambaye akikohoa, akicheka au akinyanyua ndoo, matone humtoka. Misuli ya chini ya nyonga imelegea kwa kuzaa na kwa kazi nzito, na mgonga kokoto anayebeba karai kutwa yumo humo. Huyo husaidiwa na mazoezi: kubana misuli kana kwamba anazuia mkojo, akiwa hakojoi, akihesabu mpaka tano, kisha kuachia, mara kumi, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Yupo ambaye kizazi chake kimeshuka na anahisi kitu kinachungulia ukeni. Tiba zake ni mazoezi, pete maalumu inayowekwa ukeni kukishikilia, au upasuaji. Yupo ambaye haja humbana ghafla na hafiki chooni. Huyo hufundishwa kukizoesha kibofu, na zipo dawa.

Na yupo ambaye mkojo hauachi kumtoka, usiku na mchana, tangu alipojifungua. Hiyo ni fistula. Kichwa cha mtoto kilikwama siku moja, mbili, kikakandamiza kibofu kwenye mfupa, nyama ikakosa damu ikafa, likabaki tundu kati ya kibofu na uke. Dunia hupata wagonjwa wapya kati ya 50,000 na 100,000 kila mwaka, karibu wote katika nchi zetu maskini. Si laana, si uchafu, si adhabu ya zinaa. Ni matokeo ya msaada wa uzazi uliochelewa. Na tiba yake haiko mbali na Kunduchi: iko Msasani, katika hospitali ya CCBRT, ambako upasuaji wa fistula umekuwa ukifanywa bila malipo. Mwaka 2009 hospitali hiyo ilianza kutuma nauli kwa M-Pesa kwa mabalozi wake mikoani, ili mgonjwa wa Kigoma au Lindi asikwame kwa kukosa nauli ya basi. Hapa hapa Dar es Salaam, Kituo cha Mabinti kilianza mwaka 2006 kuwafundisha ushonaji wanawake waliotoka kwenye matibabu hayo. Ukimjua mwanamke aliyejifungia ndani kwa sababu ya harufu, mwambie habari hii leo.

Nimalize kwa maagizo.

Ndugu zangu watabibu na wauguzi, najua foleni zenu ni ndefu na chumba kina pazia moja lililochanika. Hata hivyo ulizeni: hedhi ya mwisho lini, damu inatoka wakati gani, alikokulia walichota maji wapi, mume ametibiwa? Mgonjwa akirudi mara ya pili kwa dalili zile zile, msimwandikie sindano nyingine. Mpandisheni kitandani, mwangalieni, oteshesheni mkojo. Kama hamna vifaa, mpeni rufaa. Na mwacheni aje na dada yake au mama yake chumbani kama anaona haya; ni haki yake.

Wenye maduka ya dawa, antibayotiki ni ya cheti. Mwanamke anayetaja UTI kwa mara ya tatu, mrudisheni hospitali.

Na wewe mama, dada, binti wa Kunduchi: kesho ukifika kwa daktari, usiseme, "Nina UTI." Sema unavyojisikia. Sema mkojo unachoma wakati gani, panauma wapi, damu imetoka lini, hali imeanza mwezi gani, umeshameza dawa zipi. Taja na lile unaloona aibu kulitaja, maana mara nyingi ndilo lenye jibu. Kisha uulize: "Umepima nini, na kipimo kimeonyesha nini?" Jina la ugonjwa litolewe na aliyekuangalia na kukupima. Ukipewa kabla ya hapo, lirudishe, udai kupimwa.